Maswali na majibu: Adenoma ni jina la ukoo, taja tezi

Tangu niandike neno adenoma kwenye safu hii, barua zimemiminika, na karibu nusu ni swali lile lile. Nalijibu kwanza ili tusonge mbele.

Majibu yangu ya maabara yameandikwa "adenoma". Je, nina saratani? (Wengi)

Hapana. Adenoma ni uvimbe wa seli za tezi ambao haujavamia nyama za jirani wala kusafiri kwenda kwingine mwilini. Lakini usikunje karatasi ukaiweka kabatini. Adenoma ni jina la ukoo, na kila mtoto wa ukoo huo ana tabia yake. Ya utumbo mpana ikiachwa inaweza kugeuka saratani. Ya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ni nadra mno kugeuka, ila inaweza kukunyima macho. Kwa hiyo anayeniandikia "nina adenoma, nifanyeje?" bila kutaja ni ya tezi gani na ina milimita ngapi, sina cha kumjibu.

Shikamoo daktari. Nina miaka 52. Huu mwaka wa pili natokwa na damu nikienda haja kubwa. Nimemaliza chupa sita za dawa ya bawasili ya mitishamba. Damu inakoma, kisha inarudi. Niongeze dozi au nibadili dawa? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba. Usiongeze, usibadili. Nani alikwambia ni bawasili? Nimesoma barua yako mara mbili na sijaona mahali ulipopimwa hata kwa kidole chenye glavu, sembuse kwa kamera. Aliyekupa jina la ugonjwa ndiye aliyekuuzia chupa. Barua za namna hii napokea kila mwezi, na kila mwezi najibu vilevile: damu haina lebo. Inaweza kuwa bawasili kweli, inaweza kuwa polipu, yaani kinyama kinachoota ndani ya utumbo, inaweza kuwa saratani, na mtu mmoja anaweza kuwa na bawasili na polipu kwa pamoja. Damu kukoma kwa wiki tatu si ushahidi kwamba dawa imefanya kazi, maana polipu nayo hutoa damu ikapumzika.

Nikueleze kinachotokea. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana hujivua na kujivika upya kila baada ya siku chache. Kuna jeni iitwayo APC, mojawapo ya kazi zake ni kuziambia seli "sasa basi". Jeni hiyo ikiharibika ndani ya seli, uzao wake haupokei amri. Unarundikana, na hapo kinaota kinyama kidogo: hiyo ndiyo polipu ya aina ya adenoma. Baadaye huharibika jeni nyingine, KRAS, kisha nyingine, TP53. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliipanga safari hiyo hatua kwa hatua. Kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi au zaidi, na adenoma nyingi hazifiki mwisho. Zinazotutia wasiwasi ni zenye milimita 10 kwenda juu, zenye umbo la vidole vidole, na zile ambazo seli zake zimevurugika sana.

Mimi kazi yangu ni hadubini, kwa hiyo kitu hiki nakiona karibu kila wiki. Upande wa tezi za utumbo zenye afya, viini vya seli vimetulia chini, vimejipanga kama wanafunzi mstarini asubuhi. Upande wa adenoma viini vimerefuka kama kalamu, vimekolea rangi, vimebanana na kupandiana. Mara nyingine mpaka kati ya pande hizo mbili uko ndani ya tezi moja, na unaweza kuuonyesha kwa ncha ya sindano. Hapo saratani bado haijafika. Mtu akikamatwa hapo, amewahi.

Na kukamatwa kunawezekana. Mwaka 1969 huko New York, Hiromi Shinya alikata polipu kwa kitanzi cha waya wa umeme kilichopitishwa ndani ya kamera, bila kupasua tumbo. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 1,418 waliokatwa adenoma zao ulionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 kuliko ilivyotarajiwa. Sijui chupa ya mitishamba yenye matokeo kama hayo.

Kwa hiyo wiki hii nenda hospitali ya rufaa, umwambie daktari: "Nina miaka 52, natokwa na damu kwa mwaka wa pili, naomba kamera ya utumbo mpana." Na wengine mnaosoma: kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, usisubiri damu. Marekani wenyewe mwaka 2021 waliteremsha umri wa kuanza kupima watu wasio na dalili kutoka miaka 50 hadi 45. Ziko pia familia ambazo APC iliyoharibika hurithiwa, na utumbo wa kijana huota polipu kwa mamia. Hao karibu wote hupata saratani wakiwa na miaka 40 hivi kama utumbo haukuondolewa mapema. Na mwanaume mtu mzima ambaye damu yake inashuka kwa kukosa madini ya chuma asiishie kunywa sirapu. Damu hiyo inavuja mahali, patafutwe.

Saratani ya utumbo si ugonjwa wa Wazungu? Sisi tunakula ugali wa dona na sukuma. (Msomaji wa Kisumu)

Wazo hilo lina mizizi jirani yako tu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, aliona kwamba watu wa vijijini aliowatibu hawaugui saratani ya utumbo kama watu wa Ulaya, na mwaka 1971 akaandika kwamba siri ni nyuzinyuzi za chakula. Hakukosea kuuliza. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha jaribio walilobadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wakala chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanavijiji 20 wakala nyama na mafuta ya Kimarekani. Baada ya wiki mbili tu, alama za hatari kwenye ngozi ya utumbo zilishuka kwa wale wa kwanza na kupanda kwa wanavijiji.

Lakini usiifanye dona kuwa kinga kamili. Utafiti mwingine wa Marekani uliotolewa mwaka 2000 uliwapa watu waliowahi kukatwa adenoma chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo kwa miaka minne, na adenoma zikarudi kama kawaida. Na jiulize kwa ukweli: wewe na wanao wa mjini mnakula kama bibi yako alivyokula? Chipsi mayai na soda kila jioni si chakula alichokiona Burkitt.

Nimesikia aspirini inazuia polipu. Ninunue? (Msomaji wa Dodoma)

Tafiti za mwaka 2003 zilionyesha inapunguza kurudi kwa adenoma. Inasababisha pia vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Usijiandikie mwenyewe.

Na mafuta ya habbat soda, yanayeyusha adenoma? (Watu wanne, mikoa minne)

Hapana.

Nina miaka 29, sijazaa. Hedhi imekata miezi tisa na maziwa yanatoka. Nyumbani wanasema nina jini mahaba. Prolaktini yangu ilikutwa juu sana, na picha ya MRI inaonyesha adenoma ya milimita 7 kwenye pituitari. Naogopa kupasuliwa kichwa. (Dada wa Morogoro)

Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kufika hadi MRI huku nyumbani wakivutia kwa mganga. Kwa ulivyoeleza, huenda usiguswe na kisu kabisa. Pituitari ni tezi ya ukubwa wa harage dogo. Seli zake zinazotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, huzuiwa na kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Adenoma ya seli hizi huwa imeasi nusu tu: bado inaisikia dopamini. Ndiyo maana vidonge vinavyoiga dopamini, kabergolini na bromokriptini, hushusha homoni na kuusinyaza uvimbe wenyewe. Ni vivimbe vichache duniani vinavyotii kidonge kwa namna hii. Mwaka 1994 wanawake 459 walilinganishwa: prolaktini ilirudi kawaida kwa asilimia 83 ya waliotumia kabergolini, na asilimia 59 ya waliotumia bromokriptini. Kabergolini humezwa mara moja au mbili tu kwa wiki. Imeze usiku baada ya chakula, maana mwanzoni inaleta kichefuchefu na kizunguzungu.

Mambo mawili ambayo hukuuliza. Kwanza, hakikisha ulipimwa ujauzito na tezi ya shingo, na kwamba daktari aliuliza dawa zako. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi mnaiita Plasil, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni hupandisha prolaktini bila adenoma kuhusika. Vivimbe vidogo vya pituitari wanavyo watu wengi wasiougua chochote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuhukumu. Pili, ukianza dawa yai linaweza kupevuka kabla hujaiona hedhi ya kwanza. Kama hutaki mimba sasa, jikinge tangu kidonge cha kwanza. Kama unaitaka, mwambie daktari mapema, na ukishika mimba mrudie haraka akuambie kama dawa isimame.

Sasa nawageukia kaka zangu. Adenoma hii inawashika na ninyi, ila ninyi hamna hedhi ya kuwastua. Hamu ya tendo inapotea, uume haushiki, na mnakwenda kununua unga wa nguvu za kiume kwa miaka mitatu. Huku uvimbe unakua hadi unakandamiza mahali mishipa ya macho inapopishana, na mtu anaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango, au kushtukizwa na bodaboda iliyotokea ubavuni. Mbele anaona vizuri, pembeni hakuna kitu. Kabla ya unga, pima prolaktini na testosteroni, homoni ya kiume. Na kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, ukatapika na macho yakafifia, ni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yangu ana miaka 71. Karatasi ya daktari hapa Bukavu, ya Kifaransa, inasema ana adenoma ya prostate. Nimtumie dawa gani ya kutibu tezi dume? (Msomaji wa Bukavu)

Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo, kila mwanaume anacho tangu kuzaliwa, na nitaendelea kuliandika hili hadi watu waache kusema "fulani ana tezi dume". Baba ana tezi dume iliyotanuka. Madaktari wa Kifaransa huita hali hiyo adenoma. Wa Kiingereza wana jina jingine. Ugonjwa ni ule ule, na haugeuki saratani, ingawa saratani inaweza kuota pembeni yake ndani ya tezi hiyo hiyo, kwa hiyo apimwe vyote.

Tamsulosini hulegeza shingo ya kibofu ndani ya siku chache. Finasteridi husinyaza tezi yenyewe, ila inataka miezi sita ya subira, na inashusha karibu nusu kipimo cha PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta saratani ya tezi dume. Baba akiitumia, kila anayempima PSA aambiwe, la sivyo saratani itajificha. Vidonge vya mitishamba vya saw palmetto vinavyouzwa mitandaoni usihangaike navyo: mwaka 2006 vilijaribiwa kwa mwaka mzima na havikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa. Mkojo ukiziba kabisa, apelekwe akawekewe mpira siku hiyo hiyo.

Nina miaka 34, natumia dawa tatu za presha na haishuki. Potasiamu yangu ni 2.9. Daktari anasema nipunguze mawazo. (Kijana wa Mwanza)

Mwombe apime aldosteroni, homoni ya tezi za juu ya figo inayopandisha presha, na renini, kemikali ya figo inayoiamuru homoni hiyo. Presha sugu pamoja na potasiamu ya chini kwa kijana ni mlango wa tezi za juu ya figo, na mle mara nyingine kuna adenoma inayomwaga aldosteroni. Daktari Jerome Conn wa Michigan, Marekani, aliieleza katikati ya miaka ya 1950 baada ya kumchunguza mwanamke wa umri wako huo huo, miaka 34. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kwamba baadhi ya adenoma za namna hii zina jeni ya KCNJ5 iliyobadilika. Ikiwa upande mmoja, tezi hiyo huondolewa na wengi hupona presha au hupunguziwa dawa. Zikiwa tezi zote mbili, hutumika dawa ya spironolaktoni. Mawazo hayashushi potasiamu hadi 2.9.

Nilikatwa polipu, nikaambiwa nilipie kipimo cha patholojia. Si wameshaitoa? Kuna haja? (Msomaji wa Temeke)

Ipo, tena kubwa. Kwa jicho la kamera polipu nyingi zinafanana. Hadubini ndiyo inayosema kama ni adenoma, kama kingo zake ziko salama, na kama kuna saratani imeanza ndani. Jibu hilo ndilo linalopanga kama utarudi baada ya mwaka, mitatu au kumi.

Na kipande kihifadhiwe inavyotakiwa. Niliwahi kuletewa kinyama ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, kikielea kwenye maji ya chumvi, baada ya siku nne njiani. Kilikuwa kimeoza. Seli zilikuwa zimeyeyuka, na mama wa watu ilibidi apigwe kamera upya. Uliza kabla hujatoka chumba cha upasuaji: kimewekwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze? Kopo lina jina langu, tarehe, na sehemu kilipotoka? Kisha omba nakala ya majibu, uiweke na vyeti vyako.