Maswali na majibu: baipola nyumbani

Mume wangu ana baipola na anameza dawa. Kliniki wametuita sote wawili kwenye mafunzo. Kwani dawa hazitoshi? (Mama, Langoni, Amu)

Hazitoshi, dada. Baipola ni ugonjwa wa akili: mara mtu hupanda, akachangamka kupita kiasi, mara hushuka kwenye huzuni nzito. Huko Barcelona, Francesc Colom, Eduard Vieta na wenzao waliwafunza wagonjwa kwa vikao 21. Matokeo yao ya 2003 yalionyesha kuwa waliofunzwa walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko wenzao waliokutana kuzungumza tu. Wote walikuwa wakitumia dawa.

Chukueni daftari, muandike alivyokuwa wiki mbili kabla ya kuugua mara ya mwisho: alilala kiasi gani, alimpigia nani simu usiku wa manane, alitaka kuuza nini. Orodha ya mgonjwa mwengine haitawafaa. Chini yake andikeni nambari ya kliniki na jina la atakayeshika pesa. Usingizi ndio wa kuchunga zaidi: akilala kwa muda wa saa tatu tu na akaamka hana uchovu, kisha ikawa hivyo usiku wa pili, msingoje wa tatu.

Nyumba nyingi huteleza hapa. Mtu ametoka kwenye huzuni ya miezi, sasa anacheka, kila mtu anashukuru. Anayesema "huyu anapanda" huonekana hasidi. Kwa hivyo kubalianeni mapema, akiwa mzima, ni nani atakayemwambia naye asikasirike.

Natumia lithiamu, dawa ya baipola. Nifunge Ramadhani? (Msomaji, Faza)

Muone daktari mwezi mmoja kabla, na usiache dawa ghafla. Kiasi cha lithiamu kwenye damu hupimwa zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Wengi huwekwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Mwili ukikosa maji na chumvi, figo huirudisha lithiamu kwenye damu badala ya kuitoa, na joto la kwetu mnalijua. Ukitapika, ukaharisha, mikono ikatetemeka sana au ukapepesuka, usimeze dozi nyengine. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo huipandisha, basi kichwa kikiuma muulize mfamasia kuhusu parasetamoli. Daktari akikukataza kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo katika Surat al-Baqara.

Muguka unanisaidia kuendesha tuktuk usiku. Ubaya uko wapi? (Dereva, Malindi)

Unafukuza usingizi, na kwa mwenye baipola kukesha kunatosha kumpandisha. Omba zamu ya mchana.

Binti yangu ana baipola na anatumia dawa ya valproeti, na harusi yake ni baada ya Idi. (Mzazi, Shela)

Mpeleke kwa daktari sasa, mama, si baada ya harusi. Valproeti hudhuru mtoto tumboni tangu wiki za mwanzo, kabla mwenyewe hajajua kama ana mimba. Asiiache kwa uamuzi wake; daktari ndiye atakayembadilishia taratibu. Akipewa karbamazepini, dawa nyengine ya baipola, ajue inapunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Na usiku wa hina mpangieni saa ya kulala, hata wageni wakinuna.