Ukitaka kujua injili ilianzaje, usianzie Mathayo

Karibu kila anayeanza kujifunza chimbuko la injili hufungua Agano Jipya ukurasa wa kwanza. Anakutana na ukoo wa Yesu, fulani akamzaa fulani, na baada ya sura chache hamu imekwisha. Ushauri wangu kwa wageni ni ule ule siku zote: fungua 1 Wakorintho 15, soma aya ya 3 mpaka ya 5, tena kwa sauti.

Paulo aliiandika barua hiyo akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, yaani miaka 20 na ushei baada ya Yesu kusulubiwa. Injili ya Marko, ambayo wasomi wengi huiona kuwa ya kwanza kati ya zile nne, huwekwa karibu na mwaka 70. Kwa hiyo vitabu havikuandikwa kwa mpangilio unaouona kwenye Biblia yako. Hilo likae kichwani mapema, litakuepusha na mikanganyiko mingi.

Lakini tarehe ni sehemu tu ya sababu. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba anawakabidhi yale ambayo yeye mwenyewe alikabidhiwa. Kisha yanafuata: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kama yanenavyo maandiko, alizikwa, alifufuka siku ya tatu, kama yanenavyo maandiko, alimtokea Kefa, yaani Petro, tena wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili. Sikiliza mapigo yake. Hayo ni maneno yaliyopangwa ili yakaririwe, yashikike kichwani hata kwa asiyejua kusoma. Aliyapokea kwa nani, hapo hasemi. Ila katika Wagalatia 1:18-19 anasimulia kwamba baada ya miaka mitatu alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa siku 15, na akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Ukiviweka pamoja vifungu hivyo viwili, cha Wakorintho na cha Wagalatia, unaona jinsi ujumbe ulivyosafiri kabla ya kuwa kitabu.

Sasa angalia vitenzi: alikufa, alizikwa, alifufuka, alimtokea. Hakuna amri hata moja. Hapa ndipo wanafunzi wapya wanapokwama, maana wengi huja wakitarajia orodha ya maadili. Maadili yapo, na Mahubiri ya Mlimani yatakutoa jasho ukifika, lakini yanakuja nyuma ya tangazo. Watu wa dola ya Kirumi waliyajua matangazo ya namna hiyo. Maandishi ya mwaka 9 kabla ya Kristo yaliyochongwa kwenye jiwe huko Priene, katika Uturuki ya leo, yanaisifu siku ya kuzaliwa ya Kaisari Augusto kuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu, na habari njema ndiyo maana ya neno injili. Kutangaza katika dola hiyo hiyo kwamba Bwana ni mtu aliyesulubiwa kwa amri ya liwali wake haikuwa kauli ya kupita hivi hivi.

Ukitoka hapo nenda Marko, uisome yote kwa mkao mmoja. Ni sura 16, na ukienda mwendo wa kawaida hazifiki saa mbili. Usisimame kila aya kutafuta fundisho. Acha hadithi iende. Utaviona vitu ambavyo msomaji wa vipande vipande havioni. Mfano ni Marko 15:21. Simoni Mkirene analazimishwa kuubeba msalaba, na Marko anaongeza kwamba ndiye baba yao Aleksanda na Rufo. Hao vijana hawana kazi yoyote katika hadithi. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba wasomaji wa kwanza waliwafahamu. Mathayo na Luka wanalisimulia tukio hilo hilo, na majina ya watoto wameyaacha.

Halafu litakuja swali ambalo ni afadhali likusumbue mapema. Katika Marko 1:15 Yesu anahubiri kwamba ufalme wa Mungu umekaribia; Paulo anahubiri kwamba Yesu alikufa na kufufuka. Je, ni injili mbili? Wapo waliosema hivyo, na si watu wa kubezwa. Mimi siafikiani nao, na sababu zangu ziko ndani ya maandiko yenyewe. Paulo anaifungua Warumi na injili inayohusu Mwana aliyezaliwa katika ukoo wa Daudi, na huo ni ukoo wa kifalme. Marko naye, ambaye ameanza na ufalme, anamwandikia Yesu cheo cha mfalme msalabani, kwa mkono wa waliomuua. Soma pia Isaya 52 na 53 mfululizo: mjumbe anatangaza kwamba Mungu anamiliki, yaani anatawala, na kurasa hizo hizo zinamleta mtumishi anayeteswa kwa ajili ya wengine. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi waliokulia kwenye maandiko hayo.

Kuhusu maana ya kifo hicho, usiwe na haraka ya kuchagua nadharia. Marko 10:45 inasema fidia. Kwingine utakuta dhabihu, upatanisho, ushindi dhidi ya nguvu za giza. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulitoa tamko juu ya Kristo ni nani, lakini juu ya namna kifo chake kinavyookoa haukuweka fomula moja, wala mitaguso mikuu ya zamani iliyoufuata. Anayekuambia kuna jibu moja tu lililokubaliwa tangu mwanzo amefupisha sana historia.

Mwisho, kuna siku mtu atakutajia injili zilizofichwa, yaani zisizomo katika Biblia. Usiogope, wala usipapatike. Injili ya Tomaso, iliyopatikana nzima kwa Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri, huko Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, ni fupi, na ninawahimiza wanafunzi waisome, ila baada ya Marko. Ina semi 114 za Yesu. Nyingine zinafanana na za Mathayo na Luka, nyingine ni mafumbo matupu. Haisimulii kusulubiwa, kuzikwa wala kufufuka. Vile vitenzi vinne vya Wakorintho, Tomaso hana hata kimoja cha kusimulia.