Maswali ya Bustani: Mabaka ya Kahawia Kwenye Uzio wa Misaiprasi

*Ndugu Mhariri, fensi yangu ya misaiprasi ina mita 40 na kimo cha futi 7. Tangu Januari imetoka mabaka ya kahawia, mengine mapana kama meza, hasa chini na katikati. Mwenye duka la pembejeo alinipa dawa ya kuvu, nimepulizia mara tatu na hakuna nafuu. Majani ya chini yananata na yamekuwa meusi kama yamepakwa masizi. Jirani ananiambia ning'oe yote. Nifanyeje? — Msomaji, Limuru*

Usiing'oe, na wala usinunue chupa nyingine ya dawa ya kuvu. Umeshatuambia ugonjwa bila kujua: hicho kinachonata. Kuvu linaloua matawi ya msaiprasi halitoi majimaji matamu. Anayeyatoa ni kidukari wa msaiprasi, na yale masizi ni ukungu unaoota juu ya utamu huo. Ukungu wenyewe hauui mti, ila unakuonyesha mwizi alipopitia.

Mdudu huyu, *Cinara cupressivora*, ni mgeni katika eneo letu. Alionekana Malawi mwaka 1986, akaingia Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, akaharibu misitu na nyua za nyanda za juu, hata mitarakwa yetu ya asili. Ana rangi ya kahawia iliyokolea na urefu wa milimita 2 hadi 4. Watu wengi hawamwoni kwa sababu wanamtafuta kwenye ncha za majani, kumbe yeye hukaa ndani, kwenye gome la vijiti na matawi, wakiwa wamebanana makundi. Panua fensi kwa mikono miwili kwenye mpaka wa kijani na kahawia, kisha uchungulie upande wenye kivuli. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwa msafara, wafuate. Wanakwenda kunywa utamu huo.

Sababu ya baka kuwa kubwa kuliko kundi la wadudu ni mate yake. Anapofyonza, huingiza mate yenye sumu inayoharibu mirija ya kupitisha chakula, na tawi lote la mbele hukauka. Tena hukauka wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo unaweza kukuta tawi la kahawia lisilo na kidukari hata mmoja. Wakati huo tafuta magamba meupe waliyojivua na weusi wa masizi. Kiangazi huzidisha madhara kwa kuwa mti wenye kiu hauna nguvu ya kufidia, na mvua kubwa huwaosha wengi.

Sasa tiba. Anza na maji: mpira wenye shinikizo, uelekeze ndani ya uzio kutoka chini kwenda juu, siku mbili mfululizo. Siku ya tatu puliza sabuni. Kwa pampu ya mgongoni ya lita 20 tia vijiko vikubwa 8 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na dawa ya kung'arisha. Jaribu tawi moja kwanza na usubiri siku mbili. Likibabuka, punguza nusu. Puliza jioni, na uingize mdomo wa pampu ndani ya matawi, kwa sababu sabuni humuua yule tu inayemlowesha. Hapa ndipo wengi hukosea: hupaka uzio maji kwa nje, unang'aa vizuri, na wadudu wamekaa kavu ndani. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu.

Kabla ya kupuliza chochote, angalia kama kuna vidukari waliovimba, wakavu, rangi ya shaba, wenye tundu la duara mgongoni. Hao wameliwa na kijinyigu *Pauesia juniperorum*, aliyeachiliwa Malawi mwaka 1994 ili kuwapunguza. Wakiwa wengi, maji peke yake yanatosha. Usiwaue wasaidizi wako.

Kwa uzio wa mita 40 ulioshambuliwa kote, sabuni inaweza isifike. Hapo kuna dawa zinazopenya ndani ya mti, kama zenye imidakloprid. Nunua iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu (Kenya ni PCPB, Tanzania ni TPHPA), soma kipimo kwenye lebo, usikisie kwa kifuniko. Na uoshe ule utamu unaonata kwa maji siku moja kabla, kwa kuwa nyuki huja kuunywa na dawa hii huwaua.

Habari mbaya ni kwamba kahawia haitarudi kuwa kijani. Kwaruza gome kwa ukucha: ukikuta ubichi wa kijani, acha tawi lipumue, ukikuta ukavu wa kahawia, likate. Msaiprasi hauchipui kwenye sehemu kongwe ya tawi isiyo na majani, kwa hiyo shimo halijazwi kutoka ndani. Hujazwa kutoka pembeni. Chomeka fito mbili za mianzi kukingama shimo, vuta matawi ya kijani ya jirani na uyafunge kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ambao hutanuka bila kukata gome. Baka la ukubwa wa meza linaweza kuchukua miaka miwili.

*Mhariri, salaam. Kwangu hakuna mabaka ya kukaribiana. Tawi moja linakufa hapa, jingine kule, rangi nyekundu kama kutu, na chini yake gome limepasuka na kutoa utomvu mgumu kama ubani. Hakunati, hakuna masizi. — Msomaji, Njombe*

Wewe ndiye mwenye kuvu. Huu ni ugonjwa wa donda la gome, unaoletwa na jamii ya *Seiridium*. Vijidudu vyake huingia kwenye jeraha, na jeraha kubwa kuliko yote katika uzio ni lile unalolifanya mwenyewe kwa mkasi. Tatizo hili ndilo lililoifanya Kenya iache kupanda *Cupressus macrocarpa* misituni na kubaki na *lusitanica*, inayovumilia zaidi. Kama uzio wako ni ile ya rangi ya dhahabu, Goldcrest, basi ni *macrocarpa*, na tahadhari iwe mara mbili.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya donda lililokwisha ingia. Dawa ni mkasi, lakini mkasi safi. Tafuta donda, yaani pale gome lilipobonyea na kutoa utomvu, ushuke sentimita 10 hadi 15 chini yake na ukate kwenye sehemu isiyo na ugonjwa. Chunguza uso wa mkato: ukiona doa la kahawia, hujafika, shuka tena. Futa mkasi kwa spiriti baada ya kila tawi. Ndiyo, kila tawi. Ukiruka, unakuwa wewe ndiye unayepanda ugonjwa. Fanya kazi hii siku kavu, kwa kuwa mbegu za kuvu husambaa kwa matone ya mvua. Matawi yachome, usiyatie kwenye mboji. Donda likiwa kwenye shina kuu na limezunguka zaidi ya nusu, ng'oa mti huo.

*Mti wa pembeni kabisa ulikufa wote mwaka jana, sasa wa pili yake, na wa tatu umeanza kufifia. Shamba hili lilikuwa msitu. — Msomaji, Lushoto*

Maneno "lilikuwa msitu" yametosha kututia shaka. Chimbua udongo kwenye shina la mti uliokufa, ubandue gome usawa wa ardhi. Ukikuta utando mweupe kama ngozi, wenye harufu ya uyoga, hilo ni kuvu la mizizi, *Armillaria*, linaloishi kwenye visiki vilivyozikwa na kutembea kupitia mizizi inayogusana. Hushambulia hata chai. Ng'oa miti miwili iliyokufa pamoja na visiki na mizizi yote minene kuliko kidole, kisha chimba mtaro wa kina cha futi 3 baada ya mti wa nne, siyo baada ya wa tatu, maana huo wa tatu umeshafikiwa. Udongo utupe upande wa wagonjwa. Usirudishie msaiprasi hapo.

Kama hakuna utando na mizizi imekuwa myeusi, laini, inanuka uozo, basi ni maji yaliyosimama. Hapo mfereji wa kuyatoa ndio tiba.

*Shikamoo mtaalamu. Kijana alipogoa uzio wangu mwezi wa pili, akaukata sana ili uwe mwembamba. Upande wa barabarani sasa ni kahawia mtupu, wa ndani uko salama. — Mama wa Arusha*

Marahaba, mama. Hapa hakuna mdudu. Kijana alivuka ukanda wa majani akaingia kwenye sehemu kongwe ya matawi isiyo na majani, tena katika jua kali. Huko ndani majani yalishakufa zamani kwa kukosa mwanga, jambo la kawaida kwa uzio wowote mnene, na sehemu iliyo uchi haitachipua. Zilizobaki na ncha za kijani zitaendelea. Mwagilia lita 20 kwa kila mti mara moja kwa wiki hadi masika, tandaza matandazo unene wa sentimita 7 ukiyaacha mbali na shina kwa upana wa kiganja, na usipogoe tena mpaka mvua ianze.

Siku zijazo mwambie akate kidogo na mara kwa mara, asishuke chini ya majani ya kijani, na aufanye uzio mpana chini na mwembamba juu. Ukiwa mpana juu, kivuli chake huua miguu.

Jaribio moja, kwa kuwa upande wenyewe ni wa barabara ya vumbi: gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikianza kutembea, ni utitiri, na maji ya mpira kila wiki yatawapunguza.

*Je, uzio wa kayaba nao ukikauka haurudi? — Msomaji, Nakuru*

Kayaba ni mti mwingine kabisa. Kama shina bado bichi, lisawazishe kwa msumeno hadi kimo cha goti mwanzoni mwa mvua, nalo litachipua kutoka chini. Vaa glavu za ngozi. Miiba yake hupenya glavu za kitambaa na hata ndara.