Usiangalie Jua la Kwenu, Angalia Mvua ya Mlimani

Msomaji mmoja wa Kimilili ameniuliza: “Mwalimu, ulijuaje kwamba Mto Kuywa ungefurika, ilhali huku kwetu jua lilikuwa linawaka?” Nilijua kwa sababu sikushughulika na jua la Kimilili. Kuywa hutoka katika msitu wa Mlima Elgon, na mvua ikinyesha huko juu alasiri, sisi wa miteremkoni huyapokea maji yake baadaye, pengine usiku, bila hata tone kutuangukia.

Kifaa changu ni nondo niliyoikita ukingoni, ikiegemea mwamba, nikaichora alama kwa rangi ya mafuta kila sentimita 10. Huisoma asubuhi na jioni na kuandika daftarini. Wingu zito likitanda mlimani, huisoma kila saa. Kimo peke yake hakinitishi. Kinachonitisha ni kasi ya kupanda, hasa maji yanapogeuka mekundu kwa tope na kuanza kuleta magogo. Jioni ile yalimeza alama tatu kati ya saa kumi na saa kumi na moja, nikawapigia simu majirani wa bondeni, nao wakahamisha ng'ombe na pampu za kunyunyizia mboga. Kulipokucha mahindi yalikuwa yamelala chini, lakini mazizi yalikuwa matupu.

Najivunia jambo hilo, wala sioni haya. Mzee mmoja wa kamati aliwahi kuniita “daktari wa nondo” barazani, watu wakacheka. Usiku ule alipokea simu yangu, akahamisha mifugo yake, na hadi leo hajasema asante.

Ndugu zangu, kiteni nondo zenu. Muogopeni pia mto unaopungua ghafla huku mvua ikiendelea, kwa kuwa huenda ardhi imeporomoka na kuuziba huko juu. Oktoba 2018, upande wa Uganda wa mlima huu huu, maporomoko yaliingia Mto Suume wilayani Bududa, nao ukashuka na mawe na matope hadi kwenye makazi ya watu. Ukiona dalili hiyo, usishuke mtoni kuchungulia. Panda juu na watoto kwanza, simu baadaye.

Na wenye jamaa Budalangi wakumbuke kwamba Kuywa huingia Nzoia, ambao mwaka 2020 ulivunja kingo zake huko chini. Mkiona Kuywa unapanda kwa kasi, wapigieni jioni hiyo hiyo, kabla maji hayajawafikia.