Maswali ya wasomaji: Nikitoka hapa nisikilize nini?

Wiki hii meseji nyingi mno zimekuja za muziki, na wengi mnauliza kitu kilekile, kwamba nimezoea ladha yangu, nataka kuhama kidogo ila sitaki kupotea. Haya twende.

Swali: Dada mambo vipi. Mimi singeli iko kwenye damu, Msaga Sumu namsikiliza tangu niko shule ya msingi. Sasa kuna jamaa hapa geto anapiga metali, ule muziki wa magitaa makali, kutwa nzima, mtu anabweka tu humo ndani, alafu anang'ang'ania eti mimi na yeye tunapenda kitu kimoja. Ananizingua au? (Mbagala, Dar)

Jibu: Poa mdogo wangu. Hakuzingui hata kidogo, yuko sahihi kabisa. Fanya hivi, chukua Sounds of Sisso, ile ya mwaka 2017 iliyokusanya ngoma za studio ya Sisso pale Mburahati, weka hedifoni, afu usimfate MC, fata mapigo tu. Yanapita 200 kwa dakika, mengine yanaisogelea 300, na juu yake kuna kipande kifupi cha kinanda kinarudi, kinarudi, kinarudi, mpaka unasahau kimeanza lini. Ukitoka hapo ndo uingie kwenye ile metali kali ya mwenzio na usikilize dramu peke yake. Mbio ni zilezile! Yeye raha yake anaipata kwenye gitaa linalokwaruza, wewe unaipata kwenye kompyuta, lakini mwili unachofanya ni kimoja.

Na hii sio stori yangu tu. Lebo ya Kampala iliyotoa Sounds of Sisso, Nyege Nyege Tapes, ndo haohao mwaka 2020 walitoa albamu ya Duma, majamaa wawili wa Nairobi, Martin Khanja kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mashine, yani hapo metali na elektroniki vimegongana mpaka huwezi kusema hiki kinaishia wapi kile kinaanzia wapi. Anza na wimbo wao Lionsblood. Usisikilizie kwenye spika ya simu tafadhali, besi yote inapotea unabaki na vumbi, na ndo mana watu wengi wanasema metali ni kelele, wamesikia nusu ya wimbo. Ukiipenda, nenda kwa Khanja akiwa peke yake, anajiita Lord Spikeheart, albamu inaitwa The Adept, ya 2024. Huyu anatoka ukoo wa Muthoni wa Kirima, yule mama aliyekuwa field marshal wa Mau Mau, aliyefariki 2023, na kazi hii kaitoa kwa heshima yake. Mimi nikishajua hilo ule ukelele wake niliusikia tofauti kabisa, ukawa ni hasira yenye anwani.

Alafu kuna Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo, albamu Dzikkuh ya 2024. Hawa kwako naona watakuwa rahisi kuliko wote, kwasababu chini ya magitaa kuna ngoma na kengele za kabila lao, Waewe, na mtu wa uswahilini kengele inamshika kabla hajaelewa. Na huyo jamaa wa geto usimwache hivihivi, mpe albamu ya singeli Mr Mixondo ya DJ Travella, 2022, Dar hiyohiyo, uone kama atakaa kwenye kiti.

Swali: Niaje dadangu, mimi nafanya shifti ya usiku hosi, ni nesi. Sauti Sol walikuwa wananibeba mpaka asubuhi, tangu 2023 waseme wanapumzika kama kikundi nimebaki hivi hivi tu. Nataka soul, sitaki ya kulia lia. (Nairobi)

Jibu: Pole na kazi dadangu. Bien wa hukohuko Sauti Sol kwanza, naamini umeshampata, ile albamu yake ya mwenyewe ilitoka hukohuko 2023, sikai sana hapo. Ninayetaka umsikie ni Michael Kiwanuka. Amezaliwa London, wazazi wake ni Waganda waliokimbia enzi za Idi Amin, sauti yake ina mkwaruzo kidogo, imetulia, haikimbilii mtu. Wimbo wake Cold Little Heart, kwenye albamu ya Love & Hate ya 2016, una kama dakika kumi, na karibu nusu nzima yeye haimbi! Ni vinanda vya nyuzi, kwaya inaguna kwa mbali, gitaa linaingia polepole, afu ndo anafungua mdomo. Kuna toleo fupi ambalo wameikata hiyo nusu, nakuomba usilisikilize, wameondoa wimbo wameacha kiitikio. Weka ule mrefu saa tisa usiku wodi ikitulia. Umesema hutaki ya kulia, huo una majonzi kiasi, ila haukuangushi. Ukitaka iliyo nyepesi zaidi, chukua albamu yake Small Changes, ya 2024, yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Swali: Hujambo mwanangu. Mjukuu wangu wa miaka kumi na sita anasikiliza muziki wa kompyuta usio na maneno, mimi naogopa utamharibu akili. Ni nini hicho? Na kuna kizuri humo nimnunulie? (Tanga)

Jibu: Shikamoo bibi. Wala usiwe na wasiwasi, hakuna kinachoharibika. Mtafutie KMRU, kijana wa Nairobi, albamu yake Peel ya 2020. Yeye anarekodi sauti za kawaida za mahali, za mtaani na za mazingira, kisha anazivuta taratibu kwenye kompyuta mpaka zinakuwa kama upepo wa alasiri. Babu yake ni Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki 2018, na mjukuu ndiye anazirudisha nyimbo za babu yake sokoni, basi hiyo nayo mwambie. Kaa nae msikilize wote bibi, huu hauhitaji sauti kubwa.

Swali: Dada, niko Muscat, nimechoka pop inayofanana. Nipe wawili tu. (Muscat)

Jibu: Wa kwanza Abigail Chams wa kwetu Tanzania, Me Too akiwa na Harmonize, 2025. Huyu binti anapiga piano na fidla kabisa, na unasikia kwenye melodi zake kwamba anajua anakwenda wapi. Wa pili Raye wa Uingereza, albamu My 21st Century Blues ya 2023, aliitoa mwenyewe baada ya kuachana na lebo kubwa iliyokuwa haimruhusu kutoa albamu, na mwaka uliofuata akabeba tuzo sita za BRIT, zile tuzo kubwa za muziki za Uingereza, usiku mmoja. Escapism ndo iliyovuma na ni nzuri kweli, ila mimi ningekuanzisha na Oscar Winning Tears. Anaanza kama anakusimulia tu, afu pale mwisho anapandisha sauti, usiwe unaendesha gari.