Umepangiwa Unguja au Pemba: ya kujua kabla hujaaga Moshi

Askari kijana wa Arusha au Moshi anayepangiwa kikosi visiwani huharibu kwanza kwenye ruhusa ya kwenda nyumbani. Amekulia kando ya barabara kuu, amezoea kwamba basi la saa 12 likimwacha lipo la saa 2. Kisiwani boti ndiyo inayopanga, na boti yenyewe inapangwa na upepo. Kwa hiyo anza hesabu kwenye boti ya kukurudisha kambini, halafu rudi kinyumenyume mpaka siku ya kutoka.

Chukua mfano wa ruhusa ya siku 7 ukiwa Unguja. Boti ya kasi ya kwanza hutoka bandari ya Malindi saa 1 asubuhi na huchukua kama saa 2. Ukishuka Dar es Salaam, mabasi ya alfajiri ya kwenda kaskazini yameshaondoka, na stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, mbali na bandari. Utapata basi la baadaye na kufika Moshi usiku. Wa Arusha aongeze kilomita 80. Siku ya 2, ya 3 na ya 4 ni za nyumbani. Siku ya 5 unaanza safari, siku ya 6 unavuka, siku ya 7 ni akiba. Ndiyo kusema siku 7 ni siku 3 za kukaa na wazazi. Ukiwa Pemba ondoa siku moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ruhusa ya siku 3 kaa kisiwani ufue nguo.

Hiyo siku ya akiba wengi huila nyumbani, Majengo ya Moshi au Sakina ya Arusha, kwa kuwa jua linawaka na kila kitu kinaonekana shwari. Jua la Moshi halikuambii lolote kuhusu bahari. Kusi, upepo wa kusini, huvuma kuanzia Aprili hivi na huwa kali zaidi Juni hadi Agosti. Kaskazi, upepo wa kaskazini, huanza Desemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, boti zinaweza kusimamishwa bila kujali tiketi yako. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, safari za Dar na Unguja zilisitishwa. Soma utabiri wa bahari siku mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Ukiona tahadhari, ondoka mapema, hata kama mama ameshachinja kuku.

Kosa jingine ni basi la asubuhi la kurudi. Likiondoka Moshi saa 12, linatumia saa 9 au 10 kufika Mbezi, na boti ya mwisho huondoka alasiri. Hutaiwahi. Panda basi la usiku ufike Dar kumepambazuka, au panga kulala Dar na uwe na fedha ya kulala. Ukikwama, piga simu kambini kabla muda wa ruhusa haujaisha. Mwambie afande anayekusimamia uko wapi, boti gani imefutwa, na uulize kama uripoti kikosi kilicho karibu. Tunza tiketi na piga picha tangazo la kufutwa kwa safari. Anayepiga simu baada ya muda kupita anaanza kama mtoro, na karatasi zake zote zitasomwa kwa jicho hilo.

Desemba ina hesabu yake. Wachaga wanarudi kwao mkoa wa Kilimanjaro kwa sikukuu, viti vya basi vinaisha wiki kadhaa kabla. Kwa hiyo mwezi huo tiketi ya basi ndiyo ya kutafuta kwanza, boti baadaye. Halafu tarehe 12 Januari ni sherehe za Mapinduzi, na maandalizi ya gwaride huanza mapema. Usimwahidi mtu harusi ya wiki ya kwanza ya Januari.

Aliye Pemba akitazama ramani huona njia fupi ni Tanga, kisha barabara ya Segera, Same na Mwanga. Ni kweli ni fupi, lakini boti za Tanga ni chache kwa wiki, na za Unguja kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, nazo si za kila siku. Uliza ratiba ya wiki hiyohiyo. Mashua zinazovusha watu kutoka Pangani na Kipumbwi achana nazo kabisa, hata kama dereva wa bodaboda anakuapia ni salama. Hata meli yenye kibali, ukiona watu wamesimama hadi kwenye ngazi na mizigo imejazwa njiani, shuka. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Ukikaa tu kitini, tafuta jaketi la kuokolea lilipo na mlango ulio karibu nawe.

Kichefuchefu kinawapata wengi wa bara, usione aibu. Kaa chini, katikati au nyuma ya boti, siyo mbele kunakorushwa. Tazama mbali kwenye upeo, weka simu mfukoni. Kula kitu kikavu na kidogo kabla, mkate au biskuti. Mtori na supu ya asubuhi viache Moshi. Vidonge vya kichefuchefu humezwa kama saa moja kabla ya safari, siyo ukishaanza kutapika. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo usivimeze kama ukishuka unaingia lindo. Kiti cha bei ya Mtanzania kinahitaji kitambulisho, na jina kwenye tiketi lifanane nacho.

Mwili uliokulia baridi ya Arusha unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto la pwani lenye unyevu. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari, kwa sababu kijana ana pumzi nzuri ya mlimani na anataka kuonyesha. Jasho la kisiwani halikauki haraka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai umechelewa. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na misuli kukaza ni onyo, sema. Mwenzako akianza kuropoka au kuyumba huku ngozi inawaka moto, hiyo ni dharura: mweke kivulini, mvue, mmwagie maji, mpepee, mwite tabibu wa kikosi. Kwa aliyeishiwa maji lakini ana fahamu na anaweza kumeza, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi.

Fangasi ya mapajani na vidoleni ni ugonjwa wa hanga lote, yaani bweni la kambi. Kausha kabisa kabla ya kuvaa, badilisha soksi hata mara mbili kwa siku, usiazime taulo. Krimu ya clotrimazole endelea nayo wiki 2 kwa mapaja na wiki 4 kwa vidole vya miguu, hata kama muwasho umekwisha siku ya tatu. Wanaoacha mapema ndio wanaolalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Krimu zilizochanganywa na steroidi hutuliza haraka, kisha fangasi inasambaa ikiwa imejificha.

Malaria Unguja imepungua sana, na hilo hudanganya. Hatari yako iko njiani na likizoni: Tanga, Dar, Mafia. Aliyekulia sehemu za juu za Arusha hana kinga ya aliyekulia Muheza. Homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, pima siku hiyohiyo na utaje ulikopita.

Vyombo vinaharibiwa na chumvi na unyevu. Buti la ngozi lililolowa usilianike juani, ngozi itapasuka. Toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, yabadilishe, weka kivulini penye upepo. Ukungu ufute kwa kitambaa kikavu kabla ya kupaka dawa ya viatu. Silaha ifute na kuipaka mafuta uliyopewa kila baada ya zamu karibu na maji, kwa utaratibu wa mkufunzi wako. Kutu ya pwani haisubiri ukaguzi wa wiki. Nguo za likizo zifunge kwenye begi lisilopitisha maji. Kombati isafiri ndani ya begi, wewe uvae kiraia, isipokuwa umeamriwa vingine. Mdogo wako akiomba koti la jeshi, mnyime.

Mtaani, jifunze sare mapema. Mbali na JWTZ utakutana na KMKM (wa kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia na Mafunzo (magereza), ambavyo ni vikosi vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwezi wa Ramadhani usile, usinywe wala kuvuta sigara hadharani mchana, hata kama si Mwislamu. Kaptula ni ya kambini na uwanjani. Salimia kabla ya kuuliza bei. Anayetafuta ibada ya Jumapili mjini Unguja aulize Mkunazini kwa Waanglikana au Minara Miwili kwa Wakatoliki. Pemba makanisa ni machache, na nyama ya nguruwe usiitafute.

Nyumbani waambie uko Unguja au Pemba, basi. Picha ya lango, ya boti ya kikosi au ya ratiba ya zamu haiendi kwenye kundi la ukoo, kwa sababu shangazi mmoja akiisambaza hutajua imeishia wapi. Ukirudi bara na luninga au jokofu ulilonunua Unguja, beba risiti na ulizia ushuru kabla hujalipa dukani. Watu wameacha bandarini Dar vitu ambavyo kodi yake ilifuta unafuu wote wa bei.