Barua kwa mwanangu: Mage hajakata bima na safari hiyo imekaribia

Rehema mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi huku Nkuhungu hatujambo, upepo tu na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria.

Umeuliza kuhusu Mage, mwenzako wa safari, kwamba tiketi za Cape Town mmeshalipa na hela hairudi, wewe bima ya safari umeshakata, yeye kila ukimgusia anakwambia "bado muda upo", sasa hujui umwambie au unyamaze maana ni mtu mzima ana akili zake. Mwambie. Mara moja, vizuri, halafu mpe tarehe, usiwe unamkumbushia kila siku kama unamdai.

Namwambia nini, utasema, si mambo yake? Siyo yake peke yake hayo. Mkiwa wawili ugenini mmoja akiumwa mwenzie ndo ndugu, ndo mama, ndo mhasibu. Hospitali binafsi za kule asiye na bima anaambiwa aweke dipoziti kwanza ndo alazwe, na yule wa mapokezi hatampigia shangazi yake Kongwa, atakugeukia wewe uliyesimama pale umeshika mkoba wake. Ni kweli katiba ya Afrika Kusini ibara ya 27 inasema hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura, na Mage kwa ubishi wake anaweza akakuletea hiyo, ila kutonyimwa siyo kutolipishwa, bili inakuja tu, na dharura ikiisha kuna kulazwa, kuna vipimo, kuna kubadilisha tiketi ya kurudi. Hiyo kadi yake ya bima ya afya ya NHIF ni ya hospitali za huku nyumbani, kule ataitolea wapi.

Na sisi unatujua, bima yetu ni grupu la wasap. Unamkumbuka yule kijana wa mtaa wa pili aliyefia nje, mwili ukakaa kule wakati huku tunachanga, unajua nani aliumia kuliko wote ukiacha wazazi? Mwenzie waliyekuwa wanakaa naye. Simu zote kwake, imefika ngapi, mbona haijatosha, mbona hujatuma risiti, mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba kala hela, mtoto wa watu hata kulia hakupata nafasi. Hicho ndo naogopa kwako, bili tungehangaika nayo hivyo hivyo.

Sasa hilo la kuchelewa lenyewe usimtishe bure, maana bima si ya aina moja. Kama anachotaka ni matibabu tu, kwa kawaida inaanza kufanya kazi safari ikianza, bei wanaangalia siku na umri, kwa hiyo akikata wiki moja kabla hajapoteza kitu. Hatari yake ni kusahau, akajikuta yuko kwenye treni ya SGR anaelekea Dar na begi lake ndo anaanza kutafuta wakala kwenye simu, na akishatoka nchini kampuni nyingi hazimuuzii tena. Lakini kama anataka na ile ya kurudishiwa hela safari ikivunjika, hapo kila siku anayochelewa ni hasara, kwa sababu inaanza kumlinda siku aliyolipia, siyo kabla. Mama yake akilazwa leo halafu yeye akakate kesho, watamwambia hiyo ulishaijua. Halafu ana pumu. Ugonjwa wa zamani lazima autaje kwenye fomu, kuna bima haziulipii kabisa na kuna zinazotaka nyongeza, na hayo maandishi madogo hayasomwi usiku wa kuamkia safari.

Mngekuwa mnaenda Ujerumani wala usingeniandikia, viza ya Schengen inadai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 angeikata tu apende asipende. Hata wageni wanaoshuka Zanzibar tangu Oktoba 2024 wanakatishwa bima ya dola 44. Afrika Kusini tunaingia bila viza kwa hiyo hakuna wa kumsukuma, na binadamu asiposukumwa ndo hivyo.

Usimwambie mbele za watu, hasa mbele ya huyo mchumba wake, atabisha kwa ajili ya heshima tu. Mkiwa wawili. Anza kumuuliza kama ni hela, maana juzi umesema kamlipia mdogo wake ada, inawezekana hana na anaona aibu kusema, hiyo "bado muda upo" watu wengi wanaitumia wakimaanisha mfuko umekauka. Kama ndo hivyo na unayo, mkopeshe. Ila usimkatie kimyakimya kwa jina lake, kuna maswali ya afya anatakiwa ajibu mwenyewe, ukijibu wewe ukakosea siku ya kudai wanaikataa, na tena mwenye bima anatakiwa ajue namba ya dharura ya kupiga, siyo agundue kitandani kwamba kumbe anayo.

Akikataa kabisa usivunje safari. Mwambie wazi tu, nitakaa na wewe hospitali usiku na mchana ila hela ya kulipia sina, niandikie majina ya ndugu wawili wa kupigiwa. Na ya kwako isome upya, kuna bima zinalipia ukikatisha safari kwa sababu mwenzako kaumwa na kuna ambazo hazilipii, tafuta hapo wameandikaje kuhusu msafiri mwenza, usipoelewa mpigie aliyekuuzia akueleze taratibu, kashakula kamisheni yake.

Ukiongea naye nipigie nisikie alijibuje, meseji hapana. Baba yako naye anataka kujua mtalala wapi siku ya kwanza.

Mama